Tovuti ya Mama Pindo Ina Hoteli Ndani

Benchi hili ni langu. Nalisema mapema kwa sababu wapo waliolikalia miaka mingi mpaka wameanza kuliita letu. Nililitengeneza kwa mlango wa zamani wa saluni yangu, kitasa bado kipo, na anayechelewa kufika ndiye anayekalia upande wa kitasa. Nyuma yake ni saluni, mimi kinyozi. Mbele, ukivuka mtaro, ni karakana ya ushonaji ya Mama Pindo. Pembeni, muuza kahawa hutua jiko lake kila asubuhi bila kumwomba mtu ruhusa. Wakaaji wa kudumu ni Injinia, mchomelea mageti ambaye hajaingia darasa la uinjinia hata kwa kupotea njia, na Gia, dereva wa lori aliyestaafu lakini mguu wake wa kushoto haujapata habari, kila akikaa unatafuta klachi. Asubuhi hiyo alikuwepo pia Mtandao, mdogo wa mume wa Mama Pindo, mtu mzima na wanawe, anayeishi kwa kazi za kompyuta na ndiye aliyemtengenezea shemeji yake tovuti. Wote wabishi. Mimi nabisha zaidi yao, ila mimi huwa na haki.

Nilikuwa na mteja ndani, mgeni, nimeshamnyoa upande mmoja. Nikamwambia natoka mara moja kunywa kikombe kimoja. Ndipo Mama Pindo akavuka mtaro, futi ya kupimia shingoni, pini zimejaa kwenye kola, simu mkononi kaikamata utadhani inataka kumtoroka.

Mama Pindo: Shemeji, tovuti yangu haifunguki.

Mtandao: Inafunguka, shemeji.

Mama Pindo: Haifunguki.

Mtandao akatoa simu yake taratibu, kama mtu mwenye ushahidi. Akagusa. Tovuti ikatokea hapo hapo, jina la karakana juu, sare chini yake, kila kitu kinang'aa.

Mtandao: Umeona? Kabla sijatoa kidole.

Injinia: Hiyo ni risasi, sio tovuti.

Gia: Mimi nimeiona mara nyingi kwenye simu hiyo hiyo. Ina mwendo.

Na mimi nikatia neno langu, nikasema sijaona tovuti yenye kasi kama ile mtaani kwetu. Mtaani kwetu haikuwepo nyingine, lakini hilo sikulitaja.

Mama Pindo: Hapa kijiweni ina mwendo. Hospitali haina. Yule muuguzi mteja wangu amenipigia sasa hivi. Kamati yao ya sare inakaa leo, wakishapokezana zamu tu. Kuna mafundi watatu. Katibu atafungua tovuti za wote watatu kwa simu yake, mbele ya kamati, na watakayempenda wanampigia pale pale. Muuguzi kajaribu yangu ili ajue itakuwaje. Kaona kiduara kinazunguka, kinazunguka, akachoka. Kajaribu tena, kiduara. Za wenzangu zimefunguka.

Hapo hata Gia aliacha kukanyaga klachi. Maana sisi tunaijua habari ya ndani. Tangu watoto warudi shule kazi pale karakana imekuwa ya kuokoteza, zipu hapa, kifungo pale. Mama Pindo ana mabinti wawili aliowafundisha tangu kutunga uzi kwenye sindano, na sasa mikono yao inashona mshono ambao ukiupapasa huusikii. Mmoja ameanza kuulizia kazi ya kuuza dukani. Mama Pindo aliwaambia wote wawili wavumilie, sare za wauguzi zikija watashona mpaka wachukie rangi nyeupe. Juzi aliniambia, huku anatazama pembeni, kwamba akiwapoteza hawa haanzi tena na wengine, atafunga. Mimi sipendi kumwona mwanamke yule anatazama pembeni. Sare ya mfano aliishona mwenyewe, kola akaifumua na kuirudia, akaipiga picha, na picha iko humo humo kwenye tovuti isiyofunguka.

Injinia: Tusitishane. Mimi tatizo nimeshalijua. Ni jua.

Gia: Jua limeingiaje kwenye simu?

Injinia: Nakuuliza. Mtandao unapita wapi? Kwenye waya. Waya ni nini? Chuma. Chuma kikipata joto kinafanyaje? Mimi mlango nikiupima asubuhi ukaenea, mchana hauingii kwenye fremu. Na habari ni hivyo hivyo. Zinatoka huko nyembamba, zikipigwa na jua njiani zinavimba, zikifika haziingii kwenye simu.

Muuza kahawa: Lakini simu haina waya.

Injinia: Ndiyo maana tatizo ni kubwa.

Gia: Wewe ongea mageti. Hii ni barabara, niachie mwenyewe. Mtandao, tovuti mmeiegesha wapi?

Mtandao: Iko kwenye kompyuta kubwa, mzee. Ng'ambo.

Gia: Ng'ambo. Haya. Na kule sasa hivi ni saa ngapi?

Mtandao: Kule? Kule ni usiku.

Gia: Basi imelala.

Tukalifikiria hilo sote, kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Mtandao: Mzee, tovuti hailali.

Gia: Kila kinachosafiri kinalala. Nimeendesha lori maisha yangu yote, usinifundishe. Wahenga walisema...

Mimi: Wahenga hawakuwa na tovuti. Hapa kwangu methali nimezipiga marufuku tangu ulipomfariji mfiwa kwa methali ya harusi.

Gia: Alitabasamu yule.

Mimi: Alikuwa analia.

Injinia alikuwa amechukua simu ya Mtandao anakagua picha, moja baada ya moja, uso wa mkaguzi wa daraja.

Injinia: Hizi ni nguo za nani?

Mama Pindo: Za walinzi. Khaki.

Injinia: Khaki nyepesi au nzito?

Mama Pindo: Nzito, ile ya kudumu.

Injinia: Ooo! Mnaona? Mmejaza khaki nzito humu halafu mnashangaa ukurasa hausogei. Weka hariri.

Mama Pindo: Walinzi wavae hariri?

Injinia: Kwenye picha tu! Kazini wavae khaki yao.

Muuza kahawa: Mimi naona ni yule fundi wa kule njia panda. Kaweka watu.

Gia: Wapi?

Muuza kahawa: Ndani. Kawalipa, kila mmoja anaingia kwenye tovuti ya Mama Pindo anakaa. Hatoki. Mteja akija anakuta pamejaa, anasimama mlangoni, ndicho kile kiduara.

Gia: Watu wasio na kazi hao!

Muuza kahawa: Kazi yao si ndiyo hiyo.

Nami nikaona nisipitwe. Nikasema tatizo ni jina. Jina la tovuti lile ni refu mno, lina karakana, lina ushonaji, lina ubora, simu ikimaliza kulisoma imeshachoka, nguvu ya kufungua inaitoa wapi? Injinia akasema hilo lina mantiki. Nilijua lina mantiki.

Mama Pindo alipiga kitasa cha benchi kwa mkasi. Sikuwa hata nimeuona huo mkasi.

Mama Pindo: Jamani! Kamati inakaa. Injinia, toa simu yako.

Injinia: Yangu ya nini?

Mama Pindo: Fungua tovuti yangu. Kwa simu yako.

Injinia akafungua. Kiduara. Tukainama wote juu yake. Kikazunguka. Muuza kahawa akamimina vikombe, akagawa, akarudi, kiduara kiko pale pale.

Mama Pindo: Uliwahi kuifungua?

Injinia: Nimeiona mara nyingi sana.

Mama Pindo: Kwa simu yako?

Injinia: Kwa ya Mtandao.

Mama Pindo: Gia?

Gia akaonyesha simu yake, ya vibonyezo, imefungwa kwa mpira. Mama Pindo akanigeukia mimi. Nikatazama mtaro. Basi ikawa wazi kwamba tovuti ile tangu izaliwe imesifiwa na kijiwe kizima kupitia simu moja, ya aliyeitengeneza.

Mtandao alikuwa ameshaelewa, uso umemshuka. Ni fundi mzuri, sitaki mtu amdharau. Akasema polepole:

Mtandao: Simu yangu inakumbuka. Siku ya kwanza ilibeba mzigo wote, ikauweka. Kila nikifungua inachota humo humo ndani yake, haiendi kokote. Nimekuwa nikijidanganya.

Mama Pindo: Mzigo gani? Mimi nina picha chache na jina.

Mtandao akafungua kompyuta yake magotini. Akabonyeza hapa na pale, ikatokea orodha yenye mistari ya rangi. Akatueleza. Kila mstari ni fungu la maagizo, yale maandishi yanayoiambia simu nini kiwe wapi, nini kiwe na rangi gani, nini kicheze. Kijani ni maagizo yanayotumika. Nyekundu ni maagizo ambayo simu inayabeba na hayatumiki kabisa.

Mistari ilikuwa myekundu juu mpaka chini. Kijani ilikuwa pindo tu pembeni.

Gia: Hii tovuti inavuja damu.

Mama Pindo: Shemeji, haya mekundu yote ni ya nini?

Mtandao: Hii sikuianza kwenye kitambaa kitupu, shemeji. Nilichukua kiolezo. Ni tovuti iliyokwisha shonwa, wewe unaweka jina lako na picha zako. Na aliyekishona anataka kimfae kila mtu. Mwenye hoteli, mwenye ukumbi wa mazoezi, kwaya, timu ya mpira.

Mama Pindo: Kama koti moja la mnene na mwembamba.

Mtandao: Hasa.

Mama Pindo: Lakini mimi sijawahi kuona hoteli humu.

Mtandao: Ipo. Ina vyumba, ina vitanda, ina kalenda ya wageni. Nimeificha.

Injinia: Una hoteli, Mama Pindo! Na hujatuambia!

Mama Pindo: Nyamaza. Umeifichaje?

Mtandao: Niliandika agizo moja mwishoni, kwamba hoteli isionekane.

Mama Pindo: Na simu ya muuguzi inafanyaje?

Mtandao: Inaibeba hoteli yote. Inasoma kila chumba. Ikifika mwisho inakuta agizo, usionyeshe. Basi inaificha.

Mama Pindo: Inabeba, inasoma, halafu inaficha.

Mtandao: Na ukumbi wa mazoezi hivyo hivyo. Na matokeo ya mpira. Na theluji.

Gia: Kuna theluji?

Mtandao: Kuna theluji inayodondoka, mzee.

Mama Pindo: Kwa nini hukuvitoa, shemeji? Mtu mwenye akili zako?

Mtandao alimtazama shemeji yake, akatutazama sisi, akaona hana pa kukimbilia.

Mtandao: Uliniambia wewe, shemeji. Nilikuuliza nikate nini. Ukasema usikate kitu, kunja.

Sasa hapa lazima nieleze jina la Mama Pindo limetoka wapi. Mwanamke huyu hakati kitambaa. Anakikata kwa shepu, ndiyo, lakini kinachobaki anakikunja ndani. Gauni la shule la mtoto akilishona, ndani yake kuna gauni jingine limelala. Mtoto akirefuka anateremsha, akinenepa anafumua ubavuni. Mitaa hii imejaa wasichana wenye mistari kwenye gauni, mstari kila mwaka, kama pete za mti, na sare ni ile ile. Wazazi wanamwombea dua kwa sababu ya pindo zile. Hata vipande vya kufutia mashine anavitunza. Sasa mtu wa namna hiyo ukimuuliza kwenye tovuti nikate nini, atakujibu nini? Alijibu kwa moyo wake wote, akidhani anaitendea tovuti wema.

Akakaa. Alikaa upande wa kitasa, yeye ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi langu hata siku moja, maana husema sisi ni watu wa kupoteza muda. Nilimhurumia kweli.

Mama Pindo: Ni kweli. Nilisema mimi. Nilifikiri siku moja nitapanua biashara, nikute nafasi.

Mtandao: Nguo inavaliwa na mmoja, shemeji. Uzito wa pindo anaubeba huyo huyo na haumlemei. Tovuti kila anayekuja anaivaa upya. Kila mmoja anabebeshwa hoteli.

Mama Pindo: Na nikitaka kuongeza kitu mwakani?

Mtandao: Mwakani nitaongeza.

Mama Pindo: Na ukikata vibaya?

Mtandao: Nakala nzima nimeshaiweka pembeni, na hoteli yake. Kitambaa hakipotei.

Mama Pindo alinyoosha futi shingoni, akaiachia.

Mama Pindo: Basi kata.

Mtandao: Nikate nini?

Mama Pindo: Kila chekundu. Kata kabisa, sio kukunja.

Mtandao akakunja mikono ya shati. Nikamwagizia kahawa ya pili, na mimi simnunulii mtu ovyo. Kazi ikaanza, na kelele zikaanza.

Mtandao: Naondoa hoteli.

Injinia: Ngoja, ngoja! Wageni wakija?

Mama Pindo: Watalala kwako. Toa.

Mtandao: Imetoka. Ukumbi wa mazoezi.

Mama Pindo: Toa.

Mtandao: Saa inayohesabu kurudi nyuma.

Muuza kahawa: Inahesabu kuelekea nini?

Mtandao: Sijui. Ilikuja nayo.

Mama Pindo: Toa, isije ikafika.

Mtandao: Matokeo ya mpira.

Injinia: Mama Pindo, hapo nakuomba kama dada yangu wa tumbo moja. Mtu anasubiri suruali yake, anaangalia matokeo, kuna ubaya gani?

Mama Pindo: Asubiri suruali anaangalia suruali. Toa.

Mtandao: Theluji.

Gia: Theluji iache.

Mama Pindo: Gia, lini uliona theluji?

Gia: Sijawahi. Ndiyo maana nasema iache.

Kila Mtandao alipotoa kitu, mstari mmoja mwekundu ulizima. Akafika kwenye herufi. Kumbe kiolezo kilikuwa na aina za herufi chungu nzima, na simu ilikuwa inazibeba zote ili kuandika kwa aina moja. Hapo nilisimama mimi. Kulikuwa na aina fulani yenye mikia mirefu, nzuri sana, nikasema hiyo ibaki, itatumika siku ya harusi ya mabinti. Mama Pindo aliniuliza kama nina mteja ndani. Nikakaa.

Ikatoka kengele ya kukaribisha wageni. Yakatoka mapazia yanayofunguka yenyewe. Mara mbili tovuti iliharibika, picha zikapandana, na Mtandao akarudisha alichokata, akakitazama, akakata kidogo kidogo badala ya kukata chote, na mistari ikakaa sawa. Alikuwa anatokwa jasho kama anabeba zege, lakini uso ulikuwa umerudi. Nampenda mtu akiwa kwenye kazi anayoijua. Mwisho akageuza kompyuta tuone. Ilibaki orodha fupi, karibu yote kijani.

Mtandao: Sasa nataka simu ambayo haijawahi kuifungua. Ya Injinia haifai tena, imeshameza vipande. Nataka simu ngeni, na iwe mbovu mbovu.

Tulitazamana. Na wakati ule ule pazia la saluni likafunguka, akatoka mteja wangu. Upande mmoja kichwa kinang'aa, upande wa pili msitu, shuka la kunyolea bado liko shingoni, na mkononi simu iliyopasuka kioo pembe mpaka pembe.

Mteja: Samahani, kinyozi. Ulisema unatoka mara moja.

Injinia: Huyu hapa! Ametumwa na Mungu!

Mteja: Nimekuja kunyoa tu.

Kabla hajajua limempata jambo gani, alikuwa amekalishwa katikati, kikombe mkono wa kulia, Mtandao anamtajia jina la tovuti, na jina ni refu kweli, nilisema mimi. Akaandika kwa kidole kimoja akikwepa nyufa. Akabonyeza.

Tovuti ikafunguka.

Haikuleta hata kiduara. Picha ya sare nyeupe ya muuguzi ikajaa kioo, kola imesimama, mifuko imenyooka. Gia alipiga kelele kama timu imefunga bao. Injinia akamkumbatia muuza kahawa, birika na yote. Mtandao alifumba macho. Mama Pindo aliweka kiganja mdomoni, na juu ya kiganja nikaona macho yamejaa, na sina haya kusema na yangu yalijaa.

Injinia: Mimi nilisema tangu mwanzo, punguzeni uzito!

Gia: Uzito wa khaki ulisema wewe.

Injinia: Uzito ni uzito.

Gia: Na mimi nilisema imelala. Si imeamka?

Mtandao: Sasa kamati waje hata na simu ya mwaka gani.

Mteja alikuwa bado anatazama simu yake. Akasogeza picha juu, akazitazama sare zote polepole, za walinzi, za wanafunzi, akarudi kwa ya muuguzi. Akanywa kahawa yake. Akauliza kwa upole tu:

Mteja: Kazi safi hii. Sasa mtu akimtaka huyu fundi, anapiga namba gani?

Injinia akainamia kile kioo kutafuta. Gia akamtazama Mtandao. Mtandao akaichukua ile simu, akapanda juu, akashuka chini, akapanda tena. Muuza kahawa aliinua birika amjazie mteja, halikutoa hata tone. Limekwisha. Tukasikia cherehani ya binti mmoja ng'ambo ya mtaro ikishona kitu kifupi, kisha ikanyamaza.

Mama Pindo: Shemeji. Namba yangu nilikutajia mwenyewe, ukaiandika nikikuona.

Mtandao: Niliiandika.

Mama Pindo: Iko wapi?

Mtandao: Kiolezo kilikuwa na nafasi moja tu ya namba ya simu. Nikaiweka hapo. Nilipokuwa naficha hoteli niliacha kile kipande kionekane, niliondoa tu maneno ya juu yake.

Mama Pindo: Kipande gani?

Mtandao: Mapokezi.

Gia: Mapokezi ya nini?

Mtandao: Ya hoteli, mzee.

Mimi nilitaka kumrushia mtu kikombe, sikujua nianze na nani. Injinia akaanza kusema yeye alionya kuhusu wageni wa hoteli. Mtandao alikuwa ameshaanza kutafuta ile nakala ya pembeni, arudishe mapokezi, na mapokezi yana kalenda, na kalenda ina vyumba, vidole vyake vinagongana. Ni Mama Pindo aliyemshika mkono.

Mama Pindo: Usirudishe kitu. Ukirudisha mapokezi utarudisha na vitanda.

Mtandao: Sasa namba ikae wapi?

Mama Pindo: Juu kabisa, chini ya jina. Andika maneno mawili, piga simu, halafu namba. Herufi kubwa. Isiteleze, isicheze, isidondoke. Ikae.

Akamtajia tarakimu moja moja, kwa ile sauti anayotumia kupima mabega ya watoto wakorofi. Mtandao akaandika. Akahifadhi. Mteja akafungua upya kwa kioo chake kilichopasuka, na namba ikawa pale, juu ya sare, mtu hata akiwa haoni vizuri ataiona.

Mama Pindo aliiweka simu yake kwenye benchi, uso juu. Sote tukaitazama. Ikaita.

Tuliruka wote. Mama Pindo akaikamata, akaitazama, akainua kichwa.

Mama Pindo: Injinia, ni wewe.

Injinia: Nilikuwa najaribu kama namba inafanya kazi.

Sitayaandika tuliyomwambia. Gia peke yake alitumia maneno ambayo nadhani aliyajifunza kwenye mizani ya malori. Injinia akakata simu huku anajitetea kwamba geti likishafungwa lazima mtu alisukume.

Simu ikaita tena. Injinia akainua mikono yote miwili juu tuione. Namba ilikuwa ngeni.

Mama Pindo alisimama kwanza. Akanyoosha blauzi, akatoa pini moja kwenye kola akairudisha pale pale. Akapokea, na kwa haraka yake akabonyeza sauti ikatoka nje, tukasikia sote.

Sauti: Ni fundi wa sare?

Mama Pindo: Ndiye mimi, mama.

Sauti: Hapa ni kamati ya sare, hospitali. Tunakuona kwenye simu ya katibu. Kola yako imetupendeza, wote. Tunakutaka uje na vipimo. Ila kuna swali moja limetugawa. Wauguzi wetu wengine wajawazito, wengine wanaongezeka tu wenyewe. Ndani ya nguo huwa unaacha kitambaa cha kupanua, au unakata chote?

Mama Pindo akamtazama Mtandao. Akaitazama kompyuta magotini mwake, akatutazama na sisi, mmoja mmoja, mpaka mteja wangu wa nusu kichwa.

Mama Pindo: Kwenye nguo naacha, mama. Vidole vinne kila upande. Kwenye nguo tu.